Mwanaume Anayeposea Kigali Nzima Hajawahi Kuniposa

Admin, nisamehe kwanza. Uliniambia niandike tangu mwezi wa tatu, na leo ndiyo naandika. Kila nikianza mtoto anaamka, au nasoma nilichoandika naona aibu, nafuta. Ficha jina langu tafadhali, na Kiswahili changu kikiwa na makosa mniwie radhi. Nilikulia Karagwe, Tanzania, shule nikaishia kidato cha pili, ndipo tukarudi Rwanda.

Nina miaka ishirini na saba, naishi hapa Kigali na watoto wawili. Wa kike ana miaka minne, wa kiume miezi tisa, bado ananyonya. Baba yao ni msemaji wa posa. Kwa wasiojua, huku kwetu siku ya posa, tunayoiita gusaba, kila familia inaleta mtu wake wa kusema. Wa upande wa mvulana anaomba, wa upande wa msichana anakataa, anawasingizia wageni makosa, watu wanacheka, mwisho anakubali. Akipatikana mwenye ulimi, sherehe inasimuliwa miaka. Wangu ndiye huyo mwenye ulimi.

Nilipokutana naye alikuwa anafunga spika kwenye ukumbi mmoja kule Gisimenti. Siku moja msemaji hakufika, mwenye sherehe karibu alie, yeye akashika mikro, yaani kipaza sauti. Alisema vizuri kwa sababu alikuwa ameniuliza maneno ya kusifia ng'ombe wa mahari, yale marehemu baba yangu aliyokuwa akiwasifia ng'ombe wake, na mimi nikamwandikia daftari zima. Sikuona ubaya, nilimpenda. Tulikuwa tumeshaanza kuishi pamoja, nina mimba ya miezi mitatu. Akaniambia, "Vumilia kidogo nijipange, nitaenda kwenu kama mwanaume."

Alijipanga. Kwetu hajaenda mpaka leo. Hakuna posa, hakuna ndoa ya serikali, na watoto wote wawili wameandikwa kwa jina langu peke yangu.

Siku hizi wanamwita Mzee, na hajafika hata miaka arobaini. Wakubwa wa maofisini wanamuuliza yeye kwanza ndipo wapange tarehe. Wanandoa wakigombana mtaani wanaletwa sebuleni kwangu, anawakalisha, anamwambia mwanaume, "Mke ambaye hukumwomba kwao, bado hujamheshimu." Mimi namsikia niko jikoni namenya ndizi.

Mwaka jana alinipeleka kwenye posa moja Kanombe. Nilivaa mshanana, vazi letu la sherehe, nikakaa mbele na mtoto. Siku hiyo alisemea upande wa msichana. Akawauliza wageni kwa utani, "Nyinyi ukoo wenu hamna tabia ya kubeba mabinti wa watu bila kuomba?" Ukumbi ukacheka. Halafu akaninyooshea mkono: "Mnamwona yule? Baba yake alinirudisha mlangoni mara tatu! Ya nne ndipo akanipa." Watu wakapiga makofi, mama mmoja mzee akaja kunikumbatia. Baba yangu alikufa kabla hajamwona hata siku moja. Na mimi nilicheka. Hiyo ndiyo dhambi yangu mimi, nilicheka na watu wote wakaona.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Twende kwa mama yangu ukaombe, hata bila sherehe, hata tuwe watu watano."

Hagombi kamwe, anajibu kwa upole. "Mama watoto, Kigali nzima inajua nilishakuomba. Nikienda leo na watoto wawili, nani ataniita tena? Na nyinyi mtakula nini?"

Kodi ya nyumba kweli inatoka kwenye huo ulimi. Jirani yangu, muuza vitenge aliyezaliwa Rwezamenyo, mtaa wa hapa hapa Kigali wenye Kiswahili chake, nilipomwambia alipiga makofi kwa mshangao: "Ee! Kumbe wewe iko mke ya mikro! Wakizima mikro, ndoa iko wapi?" Tulicheka wote wawili mpaka mimi nikalia.

Sasa mdogo wangu wa kike anaposwa, zimebaki siku kumi na moja. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia yetu, amempa Mzee kazi ya kusema kwa niaba ya marehemu baba. Nilimfuata baba mdogo nikamweleza yote. Akaangalia chini. "Binti yangu, nilikuwa najua. Lakini wale wakwe wamefurahi kwa sababu ni yeye. Acha hii ipite." Mdogo wangu naye analia kwenye simu: "Dada, nakuomba, siku moja tu, usiniharibie." Nilimlea huyu nikiwa mtoto mwenyewe. Nashindwa hata kumkasirikia.

Lakini fikirieni na nyinyi. Akisimama pale mbele ya koo mbili, ndiyo amekuwa mdomo wa nyumba yetu. Baada ya hapo, yeye akitakiwa kwenda kuniomba mimi kwa baba yangu, atamwomba nani? Yeye mwenyewe. Nitakuwa nimefungiwa mlango huku watu wakishangilia.

Simchukii. Watoto wanamkimbilia akiingia, na ananisaidia kuwaogesha. Sitaki kumwaibisha wala kumharibia mdogo wangu. Ila siku hiyo sitakaa pale mbele kama mke niliyeposwa, hilo nimeshaamua. Mengine yamenishinda, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Pole msinitumie, ninazo za kutosha. Nitumieni maneno ya kumwambia baba mdogo amtafute msemaji mwingine, maneno ambayo hayatamvunjia bibi harusi siku yake. Aliyewahi kuandikisha watoto kwa jina la baba bila ndoa hapa Rwanda anitumie orodha ya karatasi zinazotakiwa, na aniambie kama baba lazima aje mwenyewe. Anayejua kazi ya kufanya na mtoto mgongoni, hata ya kufua, aniandikie kupitia admin. Na kama yupo mtu mzima hapa Kigali, mwanaume au mwanamke, anayejua kusema mbele za watu na ambaye hamhitaji Mzee kwa lolote, nitumieni huyo asimame mahali pa Mzee. Mmoja tu. Kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.