Jani Lililoshonwa

Tarehe kumi na nne Septemba mwaka jana nilifiwa na mke wangu. Siku iliyofuata nikaharibu kitu kidogo alichoniachia nikitunze.

Alikuwa fundi wa nguo hapa Nyamirambo. Mchaichai wetu umeota kwenye karai bovu mlangoni, karibu na alipoweka cherehani. Siku moja aliniita nione jani lililokunjwa kama mrija, kingo zimeunganishwa kwa nyuzi nyeupe. Ndani alilala kiwavi wa kijani. Nikataka kulifungua zaidi.

"Acha, mzee. Unafumua kazi ya fundi mwenzangu."

"Mwenzako hana hata mkasi."

"Na bado mshono wake umenyooka kuliko suruali yako."

Nilisema atatoka nondo. Yeye alisema kipepeo. Mke wangu alipolazwa hospitali, kiwavi alikuwa ameacha kula na kugeuka kifuko kigumu chenye ncha. Aliniomba nisilikate jani lile mpaka tujue nani mkweli.

Kwenye matanga nyumba ilijaa watu. Dada yake akaita kutoka jikoni, "Shemeji, mchaichai." Nilichukua kisu nikakata shada zima bila kuangalia. Kile kifuko nilikiona kwenye chujio, chai ikiwa tayari. Sikumwambia mtu. Watu wakanywa.

Mvua ikaotesha majani mengine. Mwezi wa pili mwaka huu nikaona jani limeshonwa tena. Nilizungushia karai kipande cha kitambaa chekundu cha mke wangu, asiguse mtu.

Juzi asubuhi mdudu alitoka. Mdogo, kahawia, mwili mnene, mabawa ya mbele yana vidoa vinavyopitisha mwanga. Mimi niliishia darasa la sita, nikamwita jirani yetu mwalimu.

"Huyu si nondo?"

"Hapana, mzee. Tazama vipapasio vyake. Vimenenepa mwishoni, halafu ncha imejipinda kama ndoano. Ni kipepeo, wale wanaoruka kwa kushtuka-shtuka. Wako wengi wanaofanana, jina lake hasa siwezi kukudanganya."

Shemeji, yule dada yake mke wangu, alikuwepo, amekuja kunisalimia. Hapo ndipo nilipomweleza habari ya ubishi wetu na ya chujio.

"Kwa hiyo dada alishinda," akasema.

"Alishinda."

Kipepeo akaruka juu ya ukuta. Shemeji akafungua kile kitambaa kwenye karai, akakikunja, akakiweka juu ya cherehani.