Kidevu cha Posa

Mume wangu ameuza miraa hapa Isiolo miaka ishirini, na muda huo wote kidevu chake kilimtosha. Kilikuwa kidogo, ndiyo, lakini kilikuwa chake. Halafu binti yetu akapata mchumba kutoka kule juu Meru, na mzee akaanza kujitazama kwenye simu. Akaniambia hawezi kukaa mbele ya wakwe na sura hiyo. Nikamwambia wakwe wanakuja kumwona msichana, si yeye. Wapi! Tukapanda gari hadi Nairobi.

Daktari alieleza kwa upole kwamba kuna njia mbili za kukikuza kidevu. Anaweza kukata kidogo chini ya kidevu, aingize kipande cha silikoni, ashone. Litabaki kovu fupi pale chini, lakini mdomo hautaguswa, nawe utarudia chakula mapema. Ama apitie ndani ya mdomo, kati ya ufizi na mdomo wa chini. Hapo kovu halionekani kabisa, ila mdomo una wadudu wake: wiki mbili ni uji na supu, kusukutua kila ukila, na usitafune kitu kigumu. Uvimbe na ganzi utavipata kwa njia zote mbili.

Mimi nikasema apitie chini. Mzee akakataa, eti wateja wakiona kovu shingoni watadhani alinusurika kuchinjwa. Akachagua mdomo. Nyumbani tukawaambia watu ni jino.

Alikuwa amepiga hesabu zake za uvimbe, na kweli siku ya tisa, wageni walipofika, ulikuwa umeshuka. Akaketi sebuleni, kidevu kikiwa kimemtangulia. Kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa, kwetu Wameru, wageni wa posa huja na furushi la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba. Baba wa msichana akilipokea na kutafuna, amekubali. Akilikataa, amewafukuza. Mtu anayeshika miraa kila siku ya Mungu, anayepigia wengine kelele wasicheleweshe mzigo, alikuwa amesahau miraa! Hata mimi nilisahau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Msemaji wa wageni akanyoosha furushi. Nikamnong'oneza mzee, "Waambie daktari amekukataza."

"Daktari wa nini? Jino la siku tisa nani ataamini?" akanijibu kwa meno yaliyofungwa.

Binti yetu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika pazia kwa mikono miwili. Mzee akamwona. Akafungua furushi, akachagua kijiti laini, akatafuna. Machozi yalimtoka, na wageni wakafurahi kuona baba mwenye uchungu na mwanawe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, kwa hasira.

Siku tatu baadaye kidevu kiliwaka moto, nyuzi zikaachia, usaha ukaanza kutoka. Tukarudi Nairobi. Daktari akauliza alikula nini. Mzee akatazama sakafu, nikajibu mimi. Kipande kikatolewa siku hiyo hiyo, kesho yake tukarudi Isiolo na dawa za kumeza.

Jioni binti alimletea uji, akamwona bila bandeji. Ikabidi tumwambie ukweli.

"Baba, yaani sura yako ilikuwa inakuaibisha?"

"Sikutaka wewe uaibike, mama. Mbele ya wakwe zako."

Binti akaweka kikombe mezani. Akashika kidevu chake mwenyewe, kidogo, kimerudi nyuma, cha baba yake kabisa.

"Na hiki changu, tukifanyeje?"

Mzee akalia, uji ukipoa mbele yake. Mimi nikakichukua kile kikombe, nikarudi nacho jikoni kuupasha uji.