Sinia la Pili la Biskuti za Noeli

Jumamosi ile nilikuwa na watoto kumi na wawili uani, na ugomvi mmoja tu: nani ameanza kutumia alama ya msalaba. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Noeli, watoto wa katekisimu walikuja kwangu kuoka biskuti, na kila mmoja aliitia biskuti yake alama ili asije akadhulumiwa. Mmoja alibonyeza kifungo cha shati, mwingine punje ya haragwe. Feza, aliyekuwa na miaka tisa, alipitisha meno ya uma, akapata mistari minne, akasema ni mvua.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Kalemie, upande wa Nyunzu. Unga wa ngano ulikuja kwa baiskeli kutoka mjini na haukutosha hata mara moja, kwa hiyo niliuongezea unga wa muhogo, na biskuti zikatoka ngumu za kumvunja padri jino. Hakuna aliyezikataa. Oveni yangu ilikuwa nusu ya pipa: makaa chini, bati juu, na makaa mengine juu ya bati. Liliingia sinia moja tu kwa wakati mmoja.

Nilikuwa na sheria moja: mtoto haondoki kabla biskuti yake haijatoka motoni. Msinicheke. Mwaka uliotangulia mtoto mmoja aliitwa nyumbani mapema, biskuti yake ikaliwa na wenzake, na mama zao hawakusalimiana mpaka Pasaka. Hata kwenye komunyo walipanga mistari tofauti. Mimi ndiye niliyewapatanisha, na kazi ile ilinichosha. Nikaapa kwamba jambo la namna hiyo halitatokea tena uani kwangu.

Vita tulikuwa tunaisikia tangu mvua zianze. Watu walipita na magodoro kichwani wakielekea ziwani, wakatuambia vijiji vyao vimechomwa, tukawapa maji, wakaenda. Hapa mjini Kalemie, ninakoishi sasa, watu hupenda kuniuliza nani alianza. Nawajibu kwamba pande zote mbili zilichoma na pande zote mbili zilizika, na anayetaka zaidi akamwulize mwingine. Sisi tulibaki kwa sababu muhogo wetu ulikuwa bado shambani, na kwa sababu habari mbaya ukizisikia kila siku masikio yanazizoea.

Sinia la kwanza lilikuwa limetoka, la pili ndiyo kwanza naliingiza, mama yake Feza alipofika. Alikuwa amefunga mzigo mgongoni.

"Mama Astrida, naomba mutoto wangu," alisema. "Kamio ya muhogo inaenda Kalemie. Dereva amekubali kutubeba."

"Leo? Kuko nini?"

"Banasema wamefika ku mto. Batu wa kule juu banakimbia."

"Banasema, banasema! Tangu mwezi wa kumi banasema." Nilikuwa na unga mpaka viwikoni. "Biskuti ya Feza iko humu, mu sinia la pili. Na dereva yule namujua, hawezi kuenda kama kamio haiyajaa. Ikala kidogo."

Feza alimtazama mama yake. "Mama, tungoje kidogo tu."

Mama Feza aliangalia barabara. Kisha akatua mzigo, akaketi kwenye kigoda, akavua ndala. Nasema ukweli: nilifurahi. Niliona nimeshinda.

Sinia lile lilichelewa. Makaa yalikuwa na unyevu, nikawa napepea kwa mfuniko wa sufuria huku watoto wakiimba kwa sauti ya juu ili kuuharakisha moto, maana ndivyo walivyoamini. Ilipita labda nusu saa. Nusu saa hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko rozari.

Nilipofunua bati, biskuti zilikuwa nzuri. Feza aliitambua mvua yake, akaanza kuipulizia ipoe.

Mlio wa kwanza nilidhani ni bati limeanguka.

Wa pili haukuwa bati.

Tulikimbilia kwenye muhogo nyuma ya nyumba, watoto mbele, mimi nyuma. Mama Feza alimshika mtoto wake mkono wakakimbilia barabarani, kwenye kamio.

Kamio haikuwapo.

Wakageuka kutufuata. Niliwaona wakivuka uwanja wa kanisa. Zilibaki hatua thelathini, labda pungufu.

Feza alianguka.

Mama yake alidhani amejikwaa. Alimvuta mkono, akamwambia simama.

Sikwenda kuwasaidia. Nilikuwa na watoto kumi na mmoja waliolala kifudifudi, na kiganja changu kilikuwa kimeuziba mdomo wa aliye mdogo kuliko wote. Wengi wameniambia nilifanya vema. Huenda. Mama Feza alimbeba peke yake mpaka kwenye muhogo, na Feza alikufa hapo, mchana, jua likiwaka, bila kusema neno. Milio ilipohamia upande wa mto, tulimzika kwa jembe ambalo mtu alilisahau shambani. Baba Yetu niliisali mimi, kwa kunong'ona, maana tuliogopa kusikika. Kisha tukaanza kutembea.

Watoto wale kumi na mmoja walifika Kalemie wazima. Watu wa kamio nao walifika, wote, siku moja kabla yetu. Mama Feza aliwakuta kambini wakipika.

Tulikaa kambini, kisha kila mmoja akatafuta chumba mjini. Leo kati ya mlango wangu na wake kuna njia mbili tu. Yeye anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, mimi nashona na kuoka. Vita haijaisha, inahama tu, na kila mwaka uani kwangu kuna watoto wapya waliotoka mahali papya. Naoka nikiwa nimechoka. Mabega yananiuma na moyo unaniuma. Sheria ile niliifuta. Mtoto akitaka kwenda, aende, biskuti yake nitampelekea.

Kila Noeli Mama Feza alikuja kunisaidia makaa. Hakunilaumu hata siku moja, na upole wake ulinitesa kuliko matusi. Nilikuwa namwogopa. Noeli iliyopita, miaka saba baada ya siku ile, watoto walipokwisha kwenda nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Mama Feza, unisamehe. Miye njo niliwafanya mungojee."

Aliendelea kupuliza makaa. Kisha akasema, "Honi nilisikia."

"Honi gani?"

"Ya kamio. Dereva alipiga mara tatu. Weye ulikuwa unapepea moto, batoto banaimba. Miye nilisikia zote tatu."

Nilikaa chini.

"Miguu ilikuwa inaniuma," alisema. "Tangu asubuhi sikuwa nimeikala. Na Feza alikuwa anacheka. Nikasema mu roho, acha amalize."

"Mbona haukuniambia, miaka yote hii?"

"Nilifikiri unajua. Nilifikiri na weye ulisikia, unaninyamazia tu."

Kumbe na yeye alikuwa akiniogopa mimi. Kila Noeli alikuja uani kwangu akingoja nimtamkie neno la lawama, kama nilivyongoja yeye anitamkie. Ningependa kusema kwamba mzigo wangu ulipungua siku hiyo. Haukupungua. Kosa lake halikulifuta langu, na mtoto hakurudi. Nilichopata ni mtu wa kukaa naye.

Tulikaa. Nilipangusa unga mikononi, nikasema lililokuwa karibu.

"Angekuwa na miaka kumi na sita."

"Kumi na saba, mwezi ujao," alisema mama yake. "Alizaliwa siku ya Epifania."

Nilimfundisha mtoto yule katekisimu miaka mitatu, na siku yake ya kuzaliwa sikuwa naijua.