Pua ya Kununulia Mawese

Mimi na dada yangu mkubwa tunauza mawese sokoni Rumonge. Wakulima wa Gatete wanatuletea kwa bidoni, madumu ya plastiki, na kabla ya kupokea tunanusa, maana mafuta yaliyochacha yanaweza kuwa na rangi nzuri kabisa. Mwezi wa Ramadhani kazi hiyo inakuwa nzito zaidi. Mteja amefunga, hawezi kuonja, na sisi tumefunga vilevile. Kwa hiyo ananunua kwa kuamini pua yetu. Miaka mingi pua hiyo ilikuwa yangu, na nilijivunia, sioni haya kusema.

Kisha ikaziba. Si mafua ya wiki moja. Ilikuwa miezi na miezi ya uso mzito na makamasi yanayoshuka kooni kila asubuhi, na harufu zote zikaondoka. Sabuni, samaki, moshi, sikusikia kitu. Nilimwambia dada siku ileile nilipohakikisha. Akasema hakuna neno, yeye atanusa, mimi nimimine. Basi nikawa mtu wa kumimina. Iliniuma kuliko maumivu ya uso. Wateja walinipita wakaenda kumuuliza yeye, nami nimesimama pale kama mgeni kwenye meza yangu mwenyewe.

Nikaenda kituo cha afya, wakanitoa damu.

"CRP iko normale, mama," muuguzi alisema. "Hauna infeksyo. Lakini eozinofili iko mingi. Hiyo ni minyoo."

CRP, alinieleza, hupanda mwili unapopambana na maambukizo. Eozinofili ni aina ya chembe nyeupe za damu, na sisi watu wa ziwani, tunaooga na kufua humo, tukisikia zimezidi hatuulizi swali la pili. Nikanywa dawa ya minyoo. Mume wangu akanywa, watoto wakanywa, mama mkwe akanywa huku ananung'unika kana kwamba minyoo niliinunua mimi sokoni. Pua haikujali. Nikapimwa tena, chembe ziko juu vilevile, nikapewa dawa ileile. Hapo nilikasirika. Jirani mmoja akaniambia kwamba kama hiyo CRP ni nzuri, basi labda ni mawazo tu. Mawazo gani yanayoziba pua?

Mwishowe nilikwenda Bujumbura kwa daktari wa pua na masikio. Huyo hakuanza na karatasi zangu. Alimulika ndani kwa taa, akaona vinyama laini vimeota pande zote mbili.

"Chembe hizi zinapigana na minyoo, ni kweli," alisema. "Lakini zinaweza pia kujaa puani na kuvimbisha nyama hata kama mdudu hakuna. Na uvimbe wa namna hiyo mara nyingi haupandishi CRP."

Nilimuuliza kama dawa za minyoo tulikunywa bure. Akasema hapana, kwa mtu mwenye minyoo iliyojificha vidonge atakavyonipa vingeweza kuwa hatari, afadhali nilitangulia kunywa dawa ya minyoo. Mama mkwe nilimpelekea habari hiyo mara moja. Nilipewa vidonge vya siku chache, dawa ya kupuliza ya muda mrefu na chumvi ya kuoshea pua kwa maji yaliyochemshwa. Akanionya kwamba vinyama vinaweza kurudi.

Asubuhi moja ya Ramadhani nilikuwa namimina, harufu ikanijia. Nilitaka kulia. Ilikuwa mawese, ndiyo, lakini yamechacha vibaya, na bidoni hiyo dada alikuwa ameshaipokea.

"Dada, hii imechacha."

Akainama, akavuta pumzi, akatazama huku na huku kama kuna mteja karibu.

"Mimi sisikii kitu," akasema taratibu.

"Tangu lini?"

"Kabla yako, mudogo wangu. Wewe ulikuwa unanusa, basi sikuwa na haja ya kusema."

Nikamuuliza mwaka huu mzima amekuwa akichaguaje. Alikuwa anatazama uso wa mkulima aliyeleta, akasema. Mwenye maneno mengi alirudishiwa bidoni yake.

"Na kwa nini hukuniambia nilipoziba?"

"Ningekuambia, tungefungua meza na pua ya nani?"

Mwaka mzima nilimwonea wivu, kumbe kila asubuhi alikuwa akiogopa peke yake.