Chupa Mkononi mwa Golikipa

Harufu ya thina, dawa ya kuyeyushia rangi, hainipi amani hadi leo. Nikipita mahali ambapo mtu anapaka geti rangi ya mafuta, mwili wangu hurudi mtaa wetu wa Woodley, Nairobi, bila kuniomba ruhusa, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, ambako baba alipanga makopo yake kwa rangi na brashi zake kwa ukubwa. Harufu ile iliingia kila mahali. Ilikuwa kwenye sweta yangu ya shule, kwenye mkate, hata kwenye Biblia ya baba, maana alikuwa na tabia ya kufungua kurasa kabla vidole havijakauka. Baba alikuwa mchoraji wa mabango. Ukiona kichwa cha mtu aliyenyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi, au kuku mnene kwenye mlango wa hoteli kuanzia kwetu hadi Dagoretti, kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba ni mkono wake. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilijiona binti wa mtu mkubwa sana.

Kazi yake iliyojulikana kuliko zote ilikuwa kwenye ukuta wa nje wa shule yetu, ukuta uliotazama njia ambayo mtaa mzima uliitumia kwenda barabara ya Ngong. Hapo alikuwa amemchora Ezekieli, golikipa, mtoto wa Woodley aliyekuwa akilipwa kwa kucheza mpira na kuvaa jezi ya taifa. Watu walimwita Komeo, kwa sababu akisimama langoni hakuna kilichopita. Baba alimchora akiwa na mpira kwapani, mkono wa kulia ameuinua juu, kiganja wazi, kama anayewapungia majirani. Nilisimama pale siku zote nne za kazi. Baba aliniambia kwamba asubuhi jua huupiga ukuta ule kutoka kulia, kwa hiyo na ndani ya picha mwanga lazima utoke kulia. "Ukishachagua upande wa mwanga, Nanjala, usiubadilishe," alisema. "Hata ukichora nzi, mpe mwanga wake upande huohuo." Nilifanya mazoezi ya jambo hilo kwenye vipande vya mbao mpaka likawa tabia, kama kushika kijiko.

Kisha Ezekieli akakamatwa Westlands. Askari walikuwa wameweka kizuizi, wakamsimamisha akiendesha gari, wakampa kile kifaa cha kupuliza ambacho sote tulikiita alkoblo, na ikasemekana kilionyesha amelewa. Mtu fulani alimrekodi kwa simu. Alionekana ameegemea gari lake jeupe, amefunika uso kwa kiganja kilekile ambacho baba alikihangaikia kutwa nzima, na mtu nyuma ya simu anacheka akisema, "Komeo leo amefunguka!" Kufikia Jumatatu, kila simu ya mtaa wetu ilikuwa na video hiyo.

Sijawahi kuona watu wakichangamkia aibu ya mwenzao namna ile. Waliouza mboga walikuwa na maoni, waliofua nguo walikuwa na maoni, na kanisani tuliombewa sote dhidi ya pombe huku macho yote yakimtafuta Mama Eze, mama yake golikipa, aliyekaa kiti cha tatu akiwa na sare yake ya akina mama. Wengine walisema kijana alikuwa ameonewa na askari. Wengine walisema huyo sasa hata mechi zile tulizoshindwa alikuwa amelewa, ingawa mechi hizo hizo ndizo walizomsifu kwamba alituokoa na mabao kumi. Baba naye alikasirika. Aliweka kijiko chini akasema, "Angeua mtoto wa mtu." Lakini mwalimu mkuu alipomwambia afute picha, baba alikataa. Alisema kwanza wamsubiri hakimu aamue.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi, angalau kwangu. Ulizuka mchezo. Mmoja alikuwa askari, ameshika kifuniko cha kalamu, na wengine walipanga foleni wapulize. Aliyepuliza akaitwa Komeo alitakiwa kuyumba mpaka aanguke, na anayeanguka vizuri alipigiwa makofi. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nilifanywa mimi Komeo, siku ya tatu pia, na kila siku baada ya hapo. "Si ni baba yake alichora mlevi?" walisema. Nilianza kuchelewa kwenda nje wakati wa mapumziko. Usiku nilijigeuzageuza kitandani nikimchukia Ezekieli, nikimchukia baba kwa ukaidi wake, nikiutamani mtaa mwingine wowote. Roho yangu ilikuwa juu muhula mzima.

Brenda, rafiki yangu wa dawati moja, ndiye aliyenipa wazo. Alilisema kwa wepesi tu, tukitafuna miwa. "Wewe si unajua kuchora? Mwekee chupa hapo kwa mkono. Hakuna mtu atakucheka tena, watajua hauko upande wake."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua nyembamba inanyesha na njia haina watu. Baba alikuwa amekwenda Mutuini kuandika jina kwenye duka la dawa za mifugo. Nilichukua kopo la rangi ya kijani, la kahawia na la nyeupe, nikabeba na ndoo ya kusimamia. Brenda alilinda njia. Nilidhani ningepaka chochote kwa haraka nikimbie, kama watoto wengine wanavyochafua kuta. Lakini brashi ilipogusa ukuta nilisahau kuogopa. Nilivipinda vidole vilivyokuwa wazi ili viishike chupa. Niliipa shingo, nikaipa kifuniko, nikaipa kivuli upande wa kushoto. Na mwisho, Mungu anisamehe, nikaona haijakamilika. Nikachukua nyeupe nikapitisha mstari mwembamba upande wa kulia wa chupa, na nukta moja ndogo chini ya mstari huo, vilevile baba anavyofanya glasi ing'ae. Brenda aliyekuwa akicheka akaacha kucheka. "Inakaa ya ukweli," alisema, akaanza kuondoka kabla yangu.

Asubuhi ya Jumapili mtaa ulipita pale ukienda kanisani. Vijana walipiga picha, watu wazima walitikisa vichwa huku wakitabasamu. Mama Eze alikuja peke yake na mwavuli wake. Alisimama mbele ya mwanawe kwa muda ambao mimi, nikiwa nyuma pamoja na baba, sikuweza kuuvumilia. Nikainama nijifanye nafunga kamba ya kiatu. Aligeuka akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo alizunguka njia ndefu ya sokoni kila alipotaka kwenda popote.

Baba aliukaribia ukuta. Rangi ya mafuta haikauki upesi wakati wa mvua. Aliweka kidole gumba kwenye ule mstari mweupe, akakitazama, akaitazama ile nukta, akakifuta kidole kwa leso polepole. Hakunigeukia. Wakati wa chakula cha mchana alisema, bila kumwelekea mtu, "Kama kuna aliye na neno, masikio yangu yako wazi." Nilikuwa na neno. Nilikula ugali juu yake.

Jumatatu mwalimu mkuu aliwatoa mbele wavulana wawili wa darasa la nane waliojulikana kwa utundu, akasema wazazi wao wataitwa na watasimamishwa masomo. Baba alikuwa amekuja na makopo yake kurekebisha picha. Aliposikia hayo aliingia uwanjani, kofia mkononi.

"Mwalimu, waache hao watoto," alisema. "Huo ni mkono wangu."

"Wewe, fundi? Si ni wewe ulikataa tuifute?"

"Ni mkono wangu," baba akarudia.

Nilitazamia wamzomee. Wakampongeza. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi. Wafanyakazi wa bodaboda walimpigia honi, "Fundi, umetuwakilisha!" Mwenye hoteli alimletea chai bila kuombwa. Watu waliokuwa wamemwita mtetezi wa walevi sasa walimshika mkono, na baba aliinamisha kichwa kila aliposhikwa. Ni mtu mmoja tu aliyemkasirikia. Mama Eze na baba walikuwa wametoka kijiji kimoja kule magharibi, walifika Nairobi mwaka mmoja, na kwa miaka yote hiyo kila asubuhi mama huyo alisimama kwenye ua wetu akaita, "Mmeamkaje huko?" Asubuhi iliyofuata hakuita. Baba alikunywa chai yake taratibu kuliko kawaida, akisikiliza nje.

Jioni aliniweka mbele ya ukuta, akachanganya rangi ya ngozi mwenyewe, akanipa brashi. "Ondoa," alisema. Niliifunika chupa, nikavinyoosha tena vidole. Sikuweza kukirudisha kiganja kama kilivyokuwa; kilibaki kimevimba, kama kilichoumwa na nyuki. Nilimwambia nitakwenda kwa Mama Eze kusema ukweli. "Utakwenda wewe," alijibu, "mimi sitakupeleka." Sikwenda kesho yake. Sikwenda wiki ile. Kila nilipofika kwenye mlango wake miguu ilinipeleka mbele, kama nina safari nyingine.

Baadaye Ezekieli alikubali kosa mbele ya hakimu, akanyimwa ruhusa ya kuendesha gari, na klabu yake ikaachana naye. Alikuja kwenye ukuta kwa miguu, mchana, akamkuta baba akisafisha kingo za picha na mimi nimeshika kopo. Alikuwa mdogo kuliko picha yake. Alikitazama kiganja kilichovimba.

"Fundi, mimi nilikunywa," alisema. "Nimesema kwa hakimu, nimekubali. Lakini mathe, mama yangu, hakunywa."

"Ni kweli, Eze," baba alisema. "Nisamehe."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao. Ningeweza kusema. Nilikoroga rangi iliyokuwa tayari imekorogeka. Shule zilipofungwa, mwalimu mkuu aliupaka ukuta wote chokaa, na kabla ya mwaka kwisha Mama Eze alihamia Mutuini.

Siku hizi nafanya kazi Westlands, ghorofa ya tisa, umbali mfupi kutoka pale gari lile jeupe lilipokuwa limeegeshwa. Natengeneza picha za mtandaoni kwa kompyuta. Hakuna thina, hakuna kinachokauka. Wiki iliyopita mkimbiaji mmoja alisimamishwa barabarani, ikadaiwa amelewa, na kabla hajafikishwa mahakamani video yake ilikuwa kila mahali. Mkubwa wangu alikuja nyuma ya kiti changu na picha ya msichana huyo siku aliyoshinda, bendera mkono mmoja, mkono wa pili ameuinua juu, wazi.

"Nanjala, wekea huyu ka-chupa hapo kwa mkono," alisema. "Chap chap, kabla stori ipoe."

Nilimwambia sitaweza. Akadhani nina kazi nyingi. Nilisema natoka kidogo, nikashuka, nikatafuta usafiri wa Mutuini nikiwa bado na kitambulisho cha ofisi shingoni.

Mama Eze alikuwa uani akichambua mboga za kunde. Amezeeka, lakini alinijua. Kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumsalimu baba tena, hata walipokutana kwenye mazishi ya watu wa kijiji chao. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama: chupa, ndoo, mvua, Brenda, na jinsi baba alivyoibeba lawama yangu. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Mikono yake ilitulia.

"Nilimwombea mabaya," alisema. "Baba yako. Nilipiga magoti nikamwombea mabaya."

"Nisamehe, Mama."

"Wewe ulikuwa mtoto. Halafu ukakua, ukanyamaza." Aliniangalia mpaka nikatazama chini. Hakunikaribisha chai. Nilipofika getini akaniita kwa jina. "Mwambie baba yako nimeuliza, ameamkaje."

Nilimpigia baba nikiwa njiani. Macho yake sasa yana ukungu, anakaa nyumbani magharibi, hachori tena. Nilimpa salamu hiyo neno kwa neno. Nikasikia kuku wake, kisha nikasikia anapumua kwa pua kama anavyofanya akitaka kulia. "Mwambie nimeamka salama," alisema.

Nilitaka kuishia hapo nifurahi. Lakini niliporudi ofisini, mtu mwingine alikuwa ameitengeneza picha na kuisambaza, na watu wasiohesabika walikuwa wakiicheka. Zamani zetu zilikuwa na ukatili wake, ila ukuta ulikuwa mmoja; Mama Eze alijua njia ya kuukwepa, na chokaa iliweza kuufunika. Niliikuza picha ile kwenye kioo cha kompyuta. Chupa ilikuwa imebandikwa tu mkononi mwa yule msichana, na mwanga wake ulitoka pande zote. Hakuna baba popote ambaye angeweka kidole pale akautambua mkono wa mtoto wake.