Mwimbaji Aliyeogopa Ukumbi Uliotulia

Wewe unayenisikiliza, nianze na kazi yenyewe, maana kwetu si wengi wanaoijua. Italia kuna waimbaji wanaotunga maneno na sauti wenyewe, kisha wanakaa peke yao na piano au gitaa wakaimba. Watu hawachezi. Wanaketi wametulia ili wasikose neno, kama familia inayosomewa barua kutoka mbali. Mzee ninayemkumbuka aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na nyimbo zake zilipigwa redioni, mpaka jioni moja maneno yakamtoka kichwani akiwa jukwaani. Ukumbi mzima ukamngoja. Hakuna hata aliyekohoa. Aliniambia afadhali wangemzomea.

Baada ya hapo aliacha kuimba, akahamia Minnesota, Marekani, kwao mkewe. Nilipokutana naye, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, alikuwa akizunguka miji ya Richfield na Savage akirekebisha sauti za piano majumbani. Mimi siku za kazi nilikuwa ofisini, na Jumamosi nilifundisha kwaya ya kanisa letu huko Burnsville: Watanzania wachache, Wakongomani wengi. Piano yetu ndiyo iliyomleta.

"Karibu, Mzee," nilimwambia, nikamweleza maana ya neno hilo.

"Mzee? Nina nywele zangu zote!"

"Ni heshima."

"Basi heshima yenu inazeesha watu."

Majira yale ya baridi hakutulia. Mji alikozaliwa, kule Italia, ulikuwa umemwalika arudi aimbe nyimbo zake, jioni moja tu, na walitaka jibu. Alitamani sana kwenda, na aliogopa kama alivyotamani. Alikuwa akija kurekebisha piano ambayo tayari ilikuwa sawa. Aligusa waya uleule, akachungulia gari lake dirishani, akaketi, akasimama tena. Hata mimi nikaanza kushindwa kukaa. Mwishowe nikamwambia ajaribu kwetu kwanza, mbele ya kwaya, tukishamaliza mazoezi.

Akaja. Niliwaeleza wanakwaya kwamba wimbo ni wa mwanamke anayesafisha madirisha ya shule iliyofungwa. Akaanza vizuri. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilishika. Kisha, katikati ya wimbo, akainua mikono kutoka kwenye piano, akanyamaza.

"Maskini, amesahau!" akasema mama mmoja Mkongomani, kiongozi wa sauti ya pili.

Na kabla sijafungua mdomo, akaushika ule mstari wa mwisho alioimba Mzee, bila maneno, kwa kuvumisha tu. Wenzake wakamfuata. Wanaume wakaingia kwa chini. "Kuraji, papa!" mama akapaza sauti, yaani jipe moyo, baba. "Tuko na weye!"

Yule Mzee akageuka kama aliyemwagiwa maji. Akachukua jaketi, akatoka. Nikamfuata hadi maegeshoni, kwenye theluji, bila koti.

"Ule ukimya niliutunga mwenyewe!" akasema. "Ni sehemu ya wimbo!"

"Walidhani umekwama."

"Na nikikwama kweli?"

"Watafanya vilevile."

Hapo nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kufikiri kwamba linahitaji maelezo. Kwenye kwaya zetu, mwimbishaji akikosa neno, hakuna anayemngoja. Wengine wanaupokea wimbo na kuubeba mpaka atakapokuwa tayari. Anayeketi tu akimtazama ndiye aliyekosa adabu.

Aliwasha gari. Akalizima. Akafuta theluji kwenye kioo kwa mkono mtupu.

"Hawatanicheka?"

"Watakucheka sana, Mzee. Lakini baadaye, kwenye chai."

Akacheka yeye kwanza, akarudi ndani, akaanza upya. Safari hii nilikuwa nimewaonya. Alipofika pale pa kunyamaza, yule mama alijiziba mdomo kwa kiganja, na macho yalivyomtoka, mabinti nyuma wakaanza kutikisika kwa kicheko. Wimbo ukaendelea. Kisha, kwenye ubeti wa mwisho, vidole vya Mzee vikaanza kuzunguka palepale, vikirudia sauti zilezile. Midomo ilifunguka, hakikutoka kitu.

"Mwalimu," mama akaninong'oneza, "na hii?"

Sikuwa na hakika. Lakini niliona shingo ya Mzee imekakamaa, nikaitikia kwa kichwa.

Wakauchukua mstari, polepole, kama watu wanaonyanyua kitanda chenye mgonjwa. Yeye akaendelea kupiga, macho amefumba. Waliurudia, wakaurudia tena. Mara sauti yake ikatokea katikati ya zao, na maneno yakiwemo, wakashuka mmoja mmoja hadi akabaki peke yake akamalizia.

Kwenye chai walimcheka kweli. Mama yule alimwigiza alivyokimbilia gari, mpaka Mzee mwenyewe akaomba arudie.

Kabla ya kuondoka aliniambia atawajibu watu wa kwao kwamba anakuja. Bado hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizungusha funguo za gari kidoleni. "Ila wale hawajui kubeba," akasema. "Watakaa tu wakinitazama. Nifanyeje?"

"Wafundishe kabla hujaanza," nikamjibu. "Si kazi ngumu."

Kweli si ngumu, na nawe unaweza. Siku mwimbaji akikwama mbele yako, usimngoje. Shika mstari wa mwisho alioimba, uvumishe taratibu kwa sauti ya chini kuliko yake, urudie mpaka umsikie ameingia, kisha nyamaza.