Simu Isiyoonyesha Anayebisha

Nakumbuka Jumamosi moja alasiri, mwanangu, nilikaa kitandani chumbani kwangu Tandika, mikono mapajani, nikaitazama simu ikilia mpaka ikachoka yenyewe. Ilikuwa simu yangu. Aliyekuwa akipiga alikuwa akinitafuta mimi. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo, mzima wa afya, naiomba inyamaze.

Nitakueleza yote, lakini kwanza niache nikuchokoze kidogo. Wiki iliyopita ulipokuja hapa Pugu kutoka hosteli kule Mabibo, nikakupa ile simu ya mfuniko uishikilie mpaka baba yako atakapokununulia nyingine badala ya ile waliyokukwapulia Buguruni, niliiona sura yako. Uliifunua, ukaifunika, ukaigeuza nyuma kama mtu anayetafuta mahali ilipopasuka. Kisha ukasema, "Asante shangazi," kwa sauti ya mtoto aliyenyweshwa dawa ya minyoo. Sikukasirika. Nilicheka mpaka ulipotoka getini. Halafu nikaacha kucheka, maana sura ile niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe, na iliniponza.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimepanga chumba kwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu aliyezaliwa na kuzeekea pale pale Tandika. Mbele ya nyumba alikuwa na duka, nyuma akapangisha vyumba. Simu za mkononi zilikuwa bado kitu cha kuringishiana. Mwalimu mwenzangu Rehema alikuwa nayo yenye rangi na kamera, tena kwa nje ina kidirisha kinachoandika jina la anayepiga. Nikamsumbua kaka yangu Festo, baba yako huyo huyo anayejifanya mkali siku hizi, aniletee kama ile. Akahangaika, akaniletea simu ya mfuniko iliyokwisha kutumika, hiyo hiyo uliyonayo sasa, nyeusi, nje tupu, haina kidirisha wala urembo. Ukitaka kujua nani anapiga lazima uifunue, na ukiifunua tu imeshapokea. Baadaye sana fundi mmoja aliniambia kulikuwa na mahali pa kuiachisha tabia hiyo. Ningejuaje? Nilikuwa nimeinunia, sikutaka hata kuichunguza.

Ofisini kwa walimu wakanipata. "Mwalimu Oliva, hebu tuazime na sie hiyo poda yako, nyuso zinang'aa!" Wakacheka wote, na kweli ilifanana na kikopo cha poda. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi sikuuona moyo wa kaka, niliuona mfuniko.

Basi bibi yako akaugua huko Songea. Ulikuwa uvimbe tumboni, na kama ilivyo kwa mama zetu, aliuficha mpaka ukawa haufichiki kwa nguo. Akalazwa. Festo akapanda basi kumfuata, akakuacha wewe mgongoni kwa mama yako, hata kutembea hujajua. Mimi nilikuwa na mitihani ya darasa la saba, mwalimu mkuu hakuniachia. Festo akaniambia stendi, "Upasuaji ni Jumatatu ya wiki ijayo. Wewe baki na watoto wako wa shule. Kukiwa na lolote nitakupigia. Simu usiizime."

Kukiwa na lolote! Mwanangu, usimwambie mtu mwenye mgonjwa maneno hayo. Tangu siku ile simu ikawa nyoka mle chumbani. Rehema yeye akipigiwa alitupa jicho kwenye kidirisha, akaona ni shemeji yake, akatabasamu kabla hajafungua. Mimi sikuwa na pa kutupa jicho. Nilitakiwa kufunua na papo hapo kuyapokea yaliyokuja, mazuri au mabaya, moyo haujajipanga. Mara ni mzazi anauliza shule inafungwa lini. Mara ni bwana mmoja amekosea namba, anamtaka Mama Zai wa nazi, nami nimeshaanza kulia, naye anashangaa, "Sista, kwani nazi zimefanya nini?" Leo nacheka. Siku ile nilikaa chini ya ubao, mbele ya wanafunzi.

Nikaichukia simu ile. Nikajiambia laiti ningekuwa na yenye kidirisha, nisingekuwa hivi. Nikawa namuomba jirani anifunulie. Jirani akachoka. Mwisho nikaanza kuiacha ilie, kisha nampigia mimi Festo nikiwa nimeshakunywa maji na kusali, namuuliza, ananiambia mama yupo vilevile. Nikaona nimepata dawa. Si wanasema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake? Basi mimi nilikuwa nakimbiza langu.

Ndipo ikafika Jumamosi ile. Asubuhi nilikuwa nimeongea na Festo, mama yupo vilevile. Kwa hiyo simu ilipolia alasiri, sikuitegemea, na kwa kuwa sikuitegemea niliiogopa zaidi. Festo hawezi kunitafuta tena siku hiyo hiyo kwa jambo jema. Nikaikalia kimya. Ikanyamaza. Ikalia tena. Nikaiviringisha kwenye kanga, nikaitia chini ya mto, nikaukandamiza mto kwa mkono. Ikalia mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea amezibwa mdomo.

"Mwalimu!" Bi Zuwena akaita kutoka uani. "Hiyo simu, au umelala?"

"Naisikia, Bi Zuwena."

"Basi si uipokee?"

"Sijui nani anapiga."

Akaja, akasimama nyuma ya pazia. "Hodi," akasema. Nikamjibu karibu, akaingia, akaketi kwenye kigoda changu na kunitazama mimi na ule mto wangu. Hakuwa mtu wa maneno matamu yule mama. Wateja wake walimwogopa, na mimi kodi nililipa kabla ya tarehe.

"Nimekwambia hodi, ukasema karibu. Uliniuliza mie nani?"

"Hapana. Lakini sauti yako naijua."

"Na yule mgeni wa juzi, aliyepotea njia akabisha hapa? Sauti yake uliijua? Nilikusikia kwa masikio yangu, ulisema karibu ungali unakuna nazi, hata shingo hukugeuza." Akavuta ushungi wake. "Sie hapa 'karibu' hutangulia, mwanangu. 'Nani wewe?' huja nyuma. Siku alipofariki mume wangu, waliokuja kunipa habari walibisha hodi mlango ule ule anaopita muuza samaki. Nikasema karibuni, nikawatolea viti. Ningenyamaza, ungedhani angefufuka?"

Nikautazama mto.

"Habari haifi kwa kufungiwa nje. Inakaa kizingitini, inakungoja, na wewe humo ndani huli, hulali. Umekonda, mwalimu. Toa simu hiyo."

Nikaitoa. Nikaifunua, na palikuwa na simu tatu ambazo hazikupokelewa, zote za namba moja nisiyoijua. Salio sina. Bi Zuwena akaenda dukani mwenyewe, akarudi na vocha, akaikwangua kwa ukucha na kunisomea tarakimu moja moja kama mwalimu wa darasa la kwanza, maana mimi macho yalikuwa hayaoni.

Akapokea mwanamke. "We ndo Oliva? Jamani, mama yako kakutafuta! Mie nauguza kitanda cha pili, kaniomba simu yangu. Namba yako kaitaja kwa kichwa, hajakosea hata moja. Daktari kapata nafasi leo, kasema hawasubiri tena Jumatatu, na kaka yako katoka kuhangaikia damu. Basi kakupigia, kakupigia, mpaka wakaja kumchukua. Kaingia sasa hivi, hata mlango haujatulia."

"Alisema nini?"

"Mie hakuniambia kitu, dada yangu. Alitaka kusema na wewe."

Sikumbuki nilivyoifunika ile simu. Nakumbuka nilikuwa chini, kwenye sakafu, na Bi Zuwena amenishika kichwa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukariri hata tarehe ya kuzaliwa kwangu, alikuwa amekariri namba yangu. Akabisha mara tatu. Na mimi nilikuwa nimeukandamiza mto.

Yule mama akarudisha mlango wa duka nusu, jambo ambalo hakulifanya hata siku za sikukuu, akatandika mkeka uani, tukakaa. Yeye na tasbihi yake, mimi na rozari yangu. Simu niliiweka katikati yetu juu ya mkeka. Muda wote ule niliokuwa nikiiomba isilie, sasa naiomba ilie, nayo iko kimya kama jiwe. Nikawaza kwamba kama mama asipotoka mle ndani, jambo la mwisho alilolipata kwangu litakuwa mlio wa simu isiyopokelewa. Jua likahama ukutani. Wapangaji wakarudi, wakatuona, wakapita kwa kunyata. Mtu akija dukani, Bi Zuwena anamfukuza kwa mkono bila kugeuka.

Ikalia muadhini akiwa ndiyo kwanza anaanza kuadhini magharibi. Nikamtazama Bi Zuwena, akakataa kunisaidia, akatazama pembeni. Nikafumba macho.

"Karibu," nikasema, kwa sauti kabisa, kama mwendawazimu, ndipo nikaifunua.

Alikuwa Festo, na Festo alikuwa analia. Mwanamume akilia kwenye simu hujui analilia lipi. Nikasema, "Sema, kaka. Nimefungua. Sema."

"Katoka, Oliva. Katoka salama. Kafumbua macho, anataka maji, tumemnyima, anatutukana."

Bi Zuwena akasema alhamdulillah, akainuka kwenda kuswali, na kabla hajaingia ndani akaniagiza nikafungue duka, watu wanataka mafuta ya taa.

Shule ilipofunga nilikwenda Songea. Bibi yako alikuwa ameketi nje anaota jua, amekonda lakini mdomo uko pale pale. Aliponiona akasema, "Nilibisha hodi mara tatu, nikaona wenyeji hawapo, nikaingia zangu." Akacheka huku amelishika tumbo lake lenye mshono. Mimi sikucheka. Nikamwangukia miguuni, nikamuuliza, "Mama, ulitaka kuniambia nini siku ile?" Akanipapasa kichwa. "Lile lilikuwa la siku ile," akasema.

Nilimuuliza tena mwaka uliofuata. Nilimuuliza siku ya harusi yangu. Nilimuuliza alipokuja kukaa nami hapa Pugu, wewe ukiwa unamchezea nywele zake za mvi. Kila mara jibu lile lile, kwa upole, wala si la kuniadhibu: lile lilikuwa la siku ile. Miaka aliyoongezewa tuliongea mengi mno, tukagombana kwa kelele na tukapatana, lakini neno lile hakulirudia. Alikwenda nalo, wewe ukiwa darasa la tatu. Mpaka leo nikiwa napepeta mchele huwa nasimama ghafla, najiuliza lilikuwa neno gani.

Kwa hiyo, mwanangu, ile simu sikukupa kukukomoa. Najua wenzako kule hosteli wameshakutania, nawe umeanza kuificha chini ya daftari. Acha watanie, poda yangu mimi walishaizoea. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Simu yako ile kubwa ilikuwa nzuri, sikatai, lakini nayo ilikufundisha tabia ya kuchungulia. Unaona imeandika Shangazi, unaiacha ilie, kesho yake unaniambia ilikuwa kwenye chaji. Chaji gani hiyo ya siku tatu? Mimi nilikuwa naogopa kufungua kwa kuwa sikuona jina, na wewe hufungui kwa kuwa umeliona. Wote wawili mgeni tumemwacha nje.

Nasaha yangu ndiyo hiyo. Zawadi ya mtu anayekupenda ipokee na utazame mkono ulioitoa. Ukiwa na hofu usiifungie ndani ukakaa nayo peke yako. Tafuta Bi Zuwena wako, hata kama ni mkali, maana mkali atakayekaa nawe mkekani ni bora kuliko mpole atakayepita kwa kunyata. Na anayekutafuta mfungulie kabla hujajua amekuja na nini. Furaha na msiba vyote vinabisha kwa mlio mmoja, na ukikataa kimoja umevikataa vyote viwili. Mengine yatarudi kubisha kesho. Lakini lipo neno ambalo ni la siku ile tu.

Jumapili jioni nitakupigia. Nitakuwa na la kukuambia, na mimi nimeshakuwa mtu mzima, siyaweki maneno yasiyopokelewa.

Mungu akulinde, mwanangu, barabarani na darasani. Akupe rafiki wa kukukwangulia vocha siku macho yako yatakapokuwa hayaoni. Mlango wako usikose wa kuubisha hodi, na siku zote ulizoandikiwa, wakikubishia, wakukute upo.